Paji la uso la mwanangu linatokeza: je, ni upungufu wa damu?

"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Tangu atimize mwaka mmoja damu yake haijawahi kupita 8. Mara ya mwisho ilikuwa 7.2. Ameshapewa dawa ya maji ya kuongeza damu mara nyingi mno, inapanda kidogo kisha inarudi palepale. Ameongezewa damu mara mbili, ya mwisho ni wiki sita zilizopita. Miezi ya karibuni nimeona paji lake la uso linatokeza, mashavu yamenyanyuka na meno ya juu yamekuja mbele. Nikimlinganisha na picha zake za zamani naona uso umebadilika. Pia ni mfupi kuliko wenzake. Wapo wanaosema ana maji kichwani, wengine wanasema ni kukosa kalsiamu, na mmoja ameniambia nimkande kichwa kila jioni kirudi. Je, upungufu wa damu unaweza kubadilisha mifupa? Kichwa chake kitarudi kama zamani? Na mdogo wake wa miezi mitano nimpime nini?"

Marahaba, mama. Hilo la kuweka picha za zamani kando ya za sasa ndilo tunalowaomba wazazi walifanye, na mara nyingi picha hizo hutueleza mengi kuliko kipimo cha siku moja. Zitunze, utakwenda nazo kliniki. Nitayajibu maswali yako yote, ila la kwanza litachukua nafasi kubwa, kwa sababu ukishalielewa hilo, mengine utayaona mwenyewe yanavyofuata.

Ndiyo, unaweza. Upungufu wa damu unaodumu miaka, hasa ule ambao mtoto amezaliwa nao, unaweza kubadilisha umbo la mifupa na kumchelewesha kukua. Sijamwona mwanao, kwa hiyo siwezi kusema kwamba ndicho kilichomtokea. Lakini damu ya 7 hadi 8 kwa zaidi ya miaka mitatu, dawa isiyosaidia, uso unaobadilika na kimo kinachobaki nyuma, vikikutana kwa mtoto mmoja, vinanifanya nitake aonwe na daktari bingwa wa watoto au wa magonjwa ya damu ndani ya wiki hizi. Na hata kama macho yako yanaona mfupa, mfupa wenyewe hauna kosa. Umesukumwa kutoka ndani.

Ndani ya mfupa kuna uboho, na uboho mwekundu ndio unaotengeneza chembe nyekundu za damu. Mtoto anapozaliwa, karibu mifupa yake yote imejaa uboho mwekundu, hadi ile midogo ya vidole. Kadiri anavyokua, uboho huo hugeuka polepole kuwa wa manjano, wenye mafuta, usiotengeneza damu. Mageuzi hayo huanzia vidoleni na kupanda kuelekea kiwiliwili, hadi mtu mzima anabaki na uboho mwekundu kwenye fuvu, uti wa mgongo, mbavu, kidari, nyonga na sehemu za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Mtu mzima akipungukiwa damu, ule wa manjano unaweza kurudi kuwa mwekundu, naye akapata nafasi ya ziada. Mtoto mdogo hana akiba hiyo, maana nafasi karibu yote tayari inafanya kazi. Akihitaji damu zaidi ya hapo, uboho hulazimika kuupanua mfupa wenyewe.

Agizo la kuongeza kazi hutoka kwenye figo. Figo zikihisi oksijeni inayofika ni kidogo, humwaga homoni iitwayo erithropoetini, na uboho ukiipata huongeza uzalishaji. Kwa upungufu wa muda mfupi mpango huu ni mzuri sana: damu hupanda, figo huridhika, agizo hupungua. Shida ni pale ambapo damu haipandi. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu hujikunja kama mundu, huishi takriban siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo uboho wake unatakiwa kufanya kazi mara kadhaa ya kawaida ili tu abaki pale alipo. Kwa thalasemia kali, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, hali ni nzito zaidi, kwa kuwa chembe nyingi hufia humohumo ndani ya uboho kabla hazijaingia kwenye mishipa. Figo zinaendelea kudai, uboho unazidi kujaa chembe changa, na kinachotoka ni kidogo. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kuwa na kipimo kilekile cha 7, mmoja ana selimundu na mwingine thalasemia, lakini mifupa ya yule wa thalasemia ikaharibika zaidi.

Sasa tuje kwenye paji la uso. Mfupa wa fuvu umejengwa kama godoro jembamba la sifongo lililobanwa kati ya mbao mbili. Mbao ni matabaka magumu, la nje na la ndani. Sifongo ni pale uboho unapokaa. Uboho unapojaa, godoro hunenepa, ubao wa nje husukumwa na kulika hadi unakuwa mwembamba sana, na vijiti vidogo vya mfupa vilivyo katikati hujipanga wima. Kwenye picha ya eksirei vijiti hivyo huonekana kama nywele zilizosimama kuzunguka fuvu, na ukishaiona picha hiyo mara moja huisahau. Mwaka 1925 daktari wa watoto Thomas Cooley, akishirikiana na Pearl Lee mjini Detroit, waliandika kuhusu watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, bandama lililovimba na mifupa ya kichwa na uso iliyobadilika namna hiyo. Ndio ugonjwa tunaouita thalasemia leo. Jambo linalonigusa katika habari hiyo ni kwamba ilianzia kwa kuwatazama watoto usoni na kugundua kwamba wanafanana.

Mashavu na meno ni habari ileile. Taya la juu na mifupa ya mashavu ina uboho, nayo hutanuka kwenda mbele na pembeni. Pua huonekana imebonyea kati ya mashavu, meno ya juu husogea mbele na kuachana nafasi, na vishimo vya hewa vilivyo ndani ya taya la juu hushindwa kukua kwa sababu nafasi yake imechukuliwa. Wazazi wengi huwa wamekwishaona kwamba mtoto anakoroma au anapumulia mdomo bila kujua kwamba chanzo ni kimoja. Sehemu ya chini ya kisogo, ambayo ina uboho kidogo sana, kwa kawaida haitokezi. Ukimtazama mwanao kwa ubavu ukakuta paji limetoka lakini kisogo cha chini kiko vilevile, hiyo nayo ni taarifa ya kumpa daktari.

Mifupa mirefu nayo haisalimiki. Uboho ukitanuka ndani ya mfupa wa paja, ukuta wake mgumu huwa mwembamba na sehemu ya chini, karibu na goti, hutanuka kama chupa yenye kitako kipana. Mbavu hunenepa. Vidole vya mtoto mdogo huwa na mifupa yenye umbo la mraba, ingawa hivi huweza kujirekebisha anapokaribia ujana, kwa kuwa uboho wa vidoleni hugeuka kuwa wa manjano na msukumo hupungua. Mfupa wenye ukuta mwembamba huvunjika kwa urahisi, hivyo mtoto anayevunjika kwa kuanguka kidogo tu, tena zaidi ya mara moja, asifungwe plasta na kurudishwa nyumbani bila kupimwa damu.

Kama tatizo litakuwa selimundu, kuna njia ya pili ya mifupa kuumia, nayo haihusiani na kutanuka. Chembe zenye umbo la mundu hukwama kwenye mishipa midogo, na kipande cha mfupa hukosa damu. Kwa watoto kuanzia kama miezi 6 hadi miaka 3 au 4 hutokea mikono na miguu kuvimba na kuuma, na mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa ambayo mzazi anaiona. Baadaye kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, mtoto akaanza kuchechemea. Pingili za mgongo zinaweza kubonyea katikati, juu na chini. Pia vijidudu hupenda kuingia kwenye mfupa uliokosa damu, hasa salmonela na stafilokoka. Kwa hiyo nijulishe, na umjulishe atakayemwona: je, aliwahi kuvimba vidole akiwa mchanga? Wazazi huniambia "aliumwa na mdudu" au "alilalia mkono", na kumbe ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya ugonjwa.

Kuhusu ufupi. Mtoto mwenye damu kidogo hutumia nguvu nyingi hata akiwa amelala, maana moyo unakwenda mbio na uboho unakula protini na nishati ambayo ingeenda kwenye kimo. Tishu zinazorefusha mfupa, yaani gegedu lililo karibu na ncha zake, hazipati oksijeni ya kutosha. Matokeo yake umri wa mifupa huwa nyuma ya umri wa kuzaliwa, na balehe huchelewa. Kwa watoto wengi wenye selimundu kuchelewa huku ni kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hukua hadi kimo ambacho hakipishani sana na cha wenzao, kwa hiyo wazazi wa hao huwa nawapa moyo. Kwa thalasemia isiyotibiwa vizuri mambo ni tofauti. Gegedu la juu ya mkono linaweza kufunga mapema kuliko inavyotakiwa, mkono ukabaki mfupi, na chuma kinachorundikana mwilini huharibu tezi zinazotoa homoni za ukuaji na za balehe.

Sasa hayo uliyoambiwa na watu. Maji kichwani ni ugonjwa wa kweli, na paji lililotokeza linaweza kuwa dalili yake, kwa hiyo aliyekuambia hakukosea kuwaza hivyo. Lakini maji kichwani humfanya mtoto atapike, aumwe kichwa, macho yaelekee chini, atembee kwa kuyumba, na mzunguko wa kichwa huongezeka haraka. Daktari atapima mzunguko wa kichwa, na akiwa na shaka ataagiza picha. Uboho unaopanua fuvu husukuma zaidi kwenda nje, hauubani ubongo. Sura hiyo haimaanishi akili yake imepungua, wala usikubali mtu akamwambia hivyo mbele yake. Kinachoweza kugusa uwezo wa kujifunza ni damu ndogo yenyewe, ukosefu wa chuma, na kwa selimundu, kiharusi, ambacho hupata hata watoto wadogo. Hivyo vinapimika na vinazuilika.

Kalsiamu peke yake haitalirudisha paji hilo, kwa sababu mfupa haukukosa kalsiamu, umesukumwa. Ukosefu wa vitamini D ni jambo jingine. Huo nao hutokeza paji la uso, lakini huja pamoja na vifundo vya mikono vilivyonenepa, uvimbe kama shanga kwenye mbavu, na matege. Matege hayaletwi na upungufu wa damu. Hata hivyo mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na watoto wenye thalasemia au selimundu hukosa vitamini D mara nyingi, hivyo ipimwe na atibiwe kama iko chini. Kumkanda kichwa usimkande, tafadhali. Ubao wa nje wa fuvu lake huenda umekuwa mwembamba, na hakuna mkono unaoweza kurudisha uboho ndani.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuitaja, lakini nimeikuta kwa wazazi na hata kwa wahudumu wa afya: kwamba kwa vile mtoto anacheza, damu ya 7 si neno. Mwili wa mtoto huzoea. Damu ikishuka polepole kwa miezi, moyo na mapafu hujipanga upya, na utamwona anakimbia na wenzake ilhali kipimo chake kingemlaza mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 himoglobini, yaani kile kipimo cha damu tunachokitaja kwa namba kama 7 au 8, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita tayari ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Mwanao yuko ukingoni miaka yote hii, na kucheza kwake kumewafanya watu wasiharakishe.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako, hata kuliko paji la uso, ni zile chupa za dawa. Mtoto aliyekosa madini ya chuma, akinywa dawa ipasavyo, himoglobini yake hupanda angalau gramu 1 ndani ya mwezi mmoja hivi. Isipopanda kuna mambo matatu ya kuuliza: je, anainywa kweli na kwa kipimo sahihi? Je, kuna mahali damu inavuja, kwa mfano minyoo ya safura? Au je, upungufu wake si wa chuma? Jibu la tatu husahaulika sana. Thalasemia na ukosefu wa chuma hufanana katika kipimo cha kawaida, kwani vyote hufanya chembe kuwa ndogo na zilizopauka, kwa hiyo mtoto wa thalasemia anaweza kupewa chuma kwa miaka. Na mwili wake hauhitaji chuma hicho. Kwa thalasemia utumbo hufyonza chuma kupita kiasi hata bila dawa, na mwili hauna njia ya kukitoa zaidi ya kama miligramu 1 kwa siku. Kwa hiyo usimwongezee chupa nyingine ya dawa ya chuma kabla ya kipimo cha feritini, ambacho huonyesha akiba ya chuma mwilini. Kama anaitumia sasa, zungumza na daktari wake wiki hii kuhusu kuisimamisha hadi majibu yatoke. Ukosefu wa chuma wa kawaida, hata ukiwa mkali, ni nadra kubadilisha uso kiasi unachoeleza.

Vipimo vyenyewe si vingi. Picha kamili ya damu pamoja na ukubwa wa chembe, damu iangaliwe kwenye darubini na mtu anayejua anachotafuta, hesabu ya chembe nyekundu changa, ambayo itaonyesha kama uboho unafanya kazi kubwa, feritini, na kipimo cha aina za himoglobini. Hiki cha mwisho ndicho kitakachotofautisha selimundu na thalasemia, na hapa kuna mtego. Mwanao ameongezewa damu wiki sita zilizopita, kwa hiyo sehemu ya damu itakayopimwa ni ya mtu mwingine, na majibu yanaweza kupotosha. Ama msubiri hadi miezi mitatu ipite tangu aongezewe, ama, na mimi ndivyo ningefanya, mpimwe wewe na baba yake sasa. Haya ni magonjwa ya kurithi kutoka pande zote mbili. Wazazi wote wakiwa wabebaji, yaani wana urithi wa ugonjwa bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa mgonjwa, na wao wenyewe wanaweza wasijue maisha yao yote. Nalisema hili ili mtu yeyote asije akaelekeza lawama upande mmoja wa familia. Majibu yenu mawili yatamwongoza daktari hata kabla ya yale ya mtoto. Ikiwa daktari anaona mtoto hawezi kusubiri na anahitaji damu leo, achukue sampuli kwanza na kuihifadhi kabla ya kumwekea damu. Ni dakika mbili, na huokoa miezi.

Eksirei ya kichwa haihitajiki ili kujua aina ya ugonjwa. Ina kazi kama kuna shaka ya kitu kingine. Bandama na ini vipimwe kwa mkono au kwa altrasaundi, kwa sababu uboho ukishindwa, viungo hivyo huanza kutengeneza damu, na tumbo huvimba upande wa kushoto.

Nikupe sasa picha ya matibabu, ukijua kwamba yanategemea jina la ugonjwa.

Ikiwa ni thalasemia kali, njia inayolinda mifupa ni kumwongezea damu kwa ratiba, kila wiki 2 hadi 5, ili himoglobini isishuke chini ya 9.5 hivi kabla ya kuongezewa tena. Hii ni tofauti kabisa na kumwongezea anapozidiwa tu. Ukimpa damu mara mbili kwa mwaka akiwa amefika 5, unaokoa maisha yake siku ile, lakini uboho unabaki ukidaiwa siku zote nyingine, na mifupa inaendelea kusukumwa. Ratiba ndiyo inayozima agizo la figo. Gharama yake ni chuma: uniti moja ya damu ina takriban miligramu 200 hadi 250, na mwili hutoa miligramu 1 kwa siku, hesabu hiyo ni rahisi kuiona inakwenda wapi. Baada ya kuongezewa mara 10 hadi 20, au feritini ikivuka 1,000, kwa kawaida huanza dawa za kutoa chuma, na huzitumia kila siku kwa miaka. Nazo zina upande wake wa pili, kwani deferoksamini, mojawapo ya dawa hizo, ikizidi kipimo kwa mtoto mdogo inaweza yenyewe kuharibu gegedu la ukuaji na kufupisha mgongo. Ndiyo maana kliniki nzuri hupima kimo cha kukaa pamoja na kile cha kusimama. Si njia nyepesi, na sitakuambia ni nyepesi. Lakini watoto wanaoianza mapema na kuifuata hukua wakiwa na sura zao.

Ikiwa ni selimundu, hatuwaongezei watoto damu kwa ratiba kwa sababu ya paji la uso. Tunafanya hivyo hasa kuzuia kiharusi. Dawa kuu ni haidroksiurea, ambayo huongeza himoglobini ya utotoni (ile aina ambayo mtoto huzaliwa nayo), hupunguza maumivu ya mifupa na mara nyingi hupandisha damu kidogo. Inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, na wazazi huiogopa wakisikia inatumika pia kwa saratani fulani. Kwa maoni yangu, kwa mtoto aliyefika umri wake, hofu ya kutoitumia ingepaswa kuwa kubwa zaidi. Vitamini ya folati nayo atapewa, kwa sababu uboho unaokimbia huimaliza haraka.

Kuna pia upandikizaji wa uboho, ambao unaweza kuponya kabisa, na matokeo yake ni bora zaidi mtoto akiwa mdogo, chuma hakijaharibu ini, na ana ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye. Si kila mtoto anapata mlinganisho, na matibabu yenyewe yana hatari kubwa. Uliza habari zake mapema, hata kama jibu litakuwa bado. Na yapo magonjwa mengine ya kurithi, kama lile la chembe zenye umbo la mpira, ambayo daktari atayafikiria majibu yakiwa hayaelekei upande wowote kati ya haya mawili.

Je, kichwa kitarudi? Mwanao ana miaka minne na nusu, na mfupa wa umri huo bado unajijenga upya kila siku. Uboho ukipunguziwa kazi sasa, kutanuka husimama, na sehemu ya mabadiliko inaweza kupungua kadiri uso unavyokua kuufunika upana huo. Sidhani itakuwa sawa kabisa na picha za zamani, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuahidi asichonacho. Yanayobaki baada ya balehe hubaki. Meno hurekebishwa kwa waya, na daktari wa kinywa na meno amwone mapema, kwa kuwa kupanga meno ni rahisi taya likiwa bado linakua. Upasuaji wa uso upo kwa wachache, na hufanywa ukuaji ukishakwisha na damu ikiwa imetulia, kwa sababu mfupa wenye uboho mwingi hutoka damu sana.

Nyumbani, mpime kimo na uzito kila baada ya miezi mitatu, ukutani palepale, bila viatu, na uandike. Mwache acheze, kwa kuwa mfupa huimarika kwa kubeba uzito, ila apumzike akichoka na asilazimishwe kushindana.

Usisubiri miadi bali mpeleke hospitali siku hiyohiyo akiwa na homa ya 38.5 au zaidi. Akipauka ghafla, tumbo likavimba upande wa kushoto au akawa mlegevu. Akiumwa mkono au mguu hadi hataki kuukanyagia au kuutumia. Akichechemea na kushika nyonga. Akivunjika bila kuanguka kwa nguvu. Akipooza upande mmoja, mdomo ukaenda kando au akashindwa kusema. Au akiumwa mgongo huku miguu inakosa nguvu au anashindwa kuzuia mkojo. Hili la mwisho ni nadra kwa umri wake, lakini uboho unaotafuta nafasi unaweza kuota kando ya uti wa mgongo na kuubana, na hapo saa ni muhimu.

Mdogo wake apimwe sasa. Akiwa na miezi mitano bado ana himoglobini nyingi ya utotoni, ambayo humlinda, na ndiyo sababu anaonekana mzima hata kama amerithi. Baadhi ya vipimo vya haraka vya selimundu vinaweza kusema hana ilhali anao, kwa hiyo omba kipimo cha aina za himoglobini chenyewe, ambacho huiona himoglobini ya selimundu hata kwa mtoto mchanga. Thalasemia huonekana wazi zaidi baada ya miezi 6, kwa hiyo majibu yakiwa safi, arudiwe akikaribia mwaka mmoja. Akikutwa na selimundu, aanzishiwe penisilini ya kila siku bila kuchelewa na aendelee nayo angalau hadi miaka 5, na chanjo zake zote zikamilike, hasa ile ya nimonia, kwa sababu kwa watoto hawa homa moja inaweza kuwa ya hatari kabla mifupa haijaonyesha chochote. Wapeleke wote wawili siku moja, wewe na baba yao mkiwepo, na zile picha za zamani mkononi.